Nusu ya Tembe

Kamera imepita njia yote
ikatoka na picha za kuta safi, waridi,
vyumba vya Umoja kabla mpangaji hajaleta jiko.
Daktari Wekhomba akazigeuza dirishani:
"Mutheu, hapa hamna kidonda."
Nikamwuliza, basi anayelia ni nani?

Akachora. Nyuma ya risiti yangu ya maabara
akachora tumbo, akachora kichwa,
na katikati waya mmoja mrefu.
"Tumbo lako linanong'ona kama la kila mtu.
Kipaza sauti kiko huku juu."

Upepo tu, mkunjo wa kawaida,
maharagwe yakijigeuza usingizini,
na huku juu yanafika kama mabati ya Gikomba usiku wa moto.

Akaniandikia tembe ndogo ya manjano,
dawa ya watu wa huzuni, alisema,
ila kwa kipimo cha kifaranga.
"Haitibu utumbo. Inapunguza sauti."

Wiki ya kwanza mdomo ukawa gunia.
Wiki ya pili nililala hadi adhana ya Pangani ikanipita.
Ya tatu,
kimya.

Sijui nikueleze vipi kimya hicho.
Miaka sita nilitembea mji huu kwa ramani ya vyoo:
cha stendi ya Ngara, shilingi kumi, mlango hauna komeo;
cha benki moja Moi Avenue,
ukimsalimu askari kwa Kikamba.
Nikaitupa ramani. Nikala embe bichi kwa pilipili,
nimesimama, hadharani, juisi ikishuka kiwikoni.

Lakini mimi ni mpishi.
Watoto mia tatu na arobaini, shule ya msingi,
na sufuria ambayo mtu mzima angeoga ndani.
Saa tano na nusu njaa ilikuwa ikinigonga
mara mbili, chini ya mbavu,
nami nikijua: na wao inawagonga. Pakua.

Siku hizi natazama saa ya ukutani.
Nakula mpaka sahani iishe
maana ndani hakuna wa kusema basi.
Na juzi, Nyamakima, mwuza nafaka akanipimia maharagwe,
mizani yake, tabasamu lake.
Zamani ningeshikwa na tumbo joto, ningerudi nyuma.
Nililipa.
Kilo nane pungufu.
Kumbe hofu nayo ilikuwa ikikaa humo humo,
chumba kimoja na maumivu,
na dawa haibishi hodi ikauliza nani ni nani.

Jumanne mtoto mmoja, Barasa, darasa la pili,
alirudi na bakuli.
"Bado inauma hapa," akasema, amejishika juu ya kitovu.
Nikasimama, upawa hewani.
Nikapatafuta ndani yangu hapo alipopashika.
Nilimpa, ndiyo, nilimjazia.
Lakini nilimpa kwa kukumbuka.

Usiku nikachukua kisu cha vitunguu
nikaipasua tembe katikati.
Vumbi la manjano kwenye kibao.
Nitamwambia Wekhomba kliniki ijayo;
atanikemea, na ana haki,
hajui lakini kwamba miaka sita
niliyemtukana ndiye aliyekuwa akinisomea mizani.

Sasa ni saa kumi na moja alfajiri, mahindi yameanza kuchemka.
Kuna kitu kimejipinda kidogo, upande wa kushoto.
Si kilio.
Jirani anayesogeza kiti.
Nimekoroga. Nimengoja.

Amesogeza tena.